Kisanduku cha Saba

Watu wa mtaa wetu walimbandika shangazi yangu jina la Bi Jaza, na wala hawakumwonea. Ni karani wa ofisi ya mtaa. Kwa miaka kumi na tatu, kila aliyeibiwa kuku, sufuria au baiskeli alikalishwa mbele yake kwenye kile kiti cha mbao kinachoyumba, akajaziwa fomu ya taarifa yenye visanduku tisa. Jina, makazi, kilichopotea, na kadhalika, mpaka ufike cha saba: "Anayeshukiwa anatokea wapi?" Hapo wengi walisema hawajui. Shangazi aliwatazama juu ya miwani kama watu waliomkanyaga kidole, akaandika neno moja, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.

Mimi nina saluni hatua chache kutoka ofisi hiyo. Ukitaka kujua mtaa unaamini nini, usihangaike na mwenyekiti. Njoo kwangu usukwe. Ndani ya saa moja utaambiwa nani anamroga nani, kura ziliibwaje, na kwamba watu wa machimboni ni wezi. Hili la mwisho halikuwa na mpinzani. Watu wa machimboni ni familia kama sabini zilizojenga pembeni mwa machimbo ya zamani, wanavunja kokoto kwa nyundo na kuwauzia wajenzi. Ikipotea kamba ya kuanikia nguo, ni wao. Akishindwa mgombea wetu, ni wao walioletwa na malori kupiga kura. Nami nilisema hivyo hivyo huku kitana kiko mkononi, sijitoi. Drai yangu ya kukaushia nywele ilipoibwa, sikuhitaji kumwona mwizi.

Mambo yaligeuka Jumatatu moja, alipofika ofisini mama mmoja mvunja kokoto kuripoti kwamba ameibiwa nyundo mbili na turubai. Shangazi akajaza cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Yule mama akainama juu ya meza, akayasoma maandishi yakiwa kichwa chini.

"Samahani, dada karani. Hapo umeandika nini?"

"Fomu haiachwi wazi, mama."

"Umeandika machimboni. Mimi nimekwambia simjui aliyeiba."

"Ndivyo tunavyoandika."

"Kwa hiyo nimejiibia mwenyewe?"

Shangazi alinisimulia mchana uleule, amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na kichwa chake kikavu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye hakucheka.

"Unajua nilianzaje?" akaniuliza. "Wiki yangu ya kwanza kazini, fomu kumi na moja zilirudishwa kutoka halmashauri, zimezungushiwa wino mwekundu pale palipo wazi. Karani niliyepokea kazi kwake akaniambia, 'Asiyejua mwandikie machimboni, hairudi tena.' Na kweli haikurudi. Miaka kumi na tatu, mwanangu! Sijawahi hata kujiuliza."

"Lakini shangazi, si kila mtu anajua kwamba ni wao?"

"Anajuaje?"

"Si mpaka ofisini kwenu imeandikwa?"

Maneno yalikuwa yameshatoka ndipo nikajisikia. Nikajifanya natafuta taulo.

Kama ingeishia hapo, labda angejilaumu siku mbili tatu akarudi kwenye muhuri wake. Lakini mwezi uleule mwenyekiti wa mtaa akatangaza mkutano wa hadhara. Alitaka halmashauri izivunje nyumba za machimboni, zote, na sababu yake ilikuwa fomu za shangazi. Kwa miaka saba taarifa za wizi zilikuwa mia sita na kumi na nane, na katika hizo, mia nne thelathini na moja zilisema machimboni. Ombi lilihitaji jedwali la hesabu hiyo lenye sahihi ya karani. Shangazi alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu.

"Tia sahihi, upumzike," nilimwambia. "Kule huna ndugu wala jirani."

"Sina," akasema. "Basi ndiyo maana niliwaandika kirahisi."

Akaingia stoo ya ofisi, nyuma ya viti vilivyovunjika, akazitoa fomu zote. Akanunua madaftari mawili ya shule, akayapiga mistari kwa rula. Kisha kila Jumamosi na Jumapili, kwa wiki tisa, alivaa raba zake za kijivu akawazungukia wale mia nne thelathini na moja, nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa. Aliyempata alimuuliza maneno yaleyale bila kupunguza wala kuongeza: "Siku ile ulipokuja ofisini, ulijua aliyekuibia anatokea wapi? Kama ulijua, ulijuaje?"

Nilimwona anachoka bure, nikamshauri aulize kwa mkato: si hukujua, eti? Akanijia juu.

"Hapo nitakuwa nawalisha maneno. Nimeshawalisha ya kutosha."

Walimpokea kila mtu kwa namna yake. Kuna waliomwekea kiti kivulini, na kuna waliozungumza naye kupitia tundu la kitasa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye anaishi kwa kokoto za watu haohao, alimwambia mbele ya wateja, "Bi Jaza, umri umekutupa mkono. Umetumwa na nani?" Shangazi akamuuliza swali lake, akasubiri, akaandika jibu, akaaga kwa heshima. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza; nje ya duka alimporomoshea tusi moja ambalo sikujua kama analijua.

Jumamosi ya tatu akaingia saluni. Nilikuwa na wateja wanne, mmoja kichwa nusu kimesukwa. Shangazi akafungua daftari.

"Drai ya kukaushia nywele. Siku ile ulipokuja ofisini, ulijua aliyekuibia anatokea wapi?"

"Shangazi, jamani, na mimi?"

"Na wewe una fomu."

"Watu wa machimboni si wanajulikana?"

"Sikukuuliza wanaojulikana. Ulimwona nani?"

Nilipandwa na hasira, nikamwambia ananidhalilisha kwenye biashara yangu. Akabaki amesimama na kalamu yake. Na kusema kweli, siku ile nilitoka kununua mafuta ya nywele, mlango nikauegesha tu, nikarudi nikakuta soketi tupu.

"Sikumwona mtu," nikasema.

"Asante." Akaandika. "Na mlango ufunge."

Wiki ya tisa ilipokwisha, tulikaa barazani kwake tukahesabu pamoja, mara mbili. Alikuwa amewapata watu mia mbili na tisini. Mia mbili sabini na nne walisema hawakujua lolote siku ile. Kumi na sita ndio walioona mtu au kuambiwa. Halafu palikuwa na kesi hamsini na mbili ambazo mwizi alikuja kujulikana baadaye: mashemeji, wapangaji, watoto wa wenye nyumba, hata mlinzi mmoja aliyelipwa kulinda alichoiba. Katika hao hamsini na mbili, watano walitoka machimboni kweli.

"Hao watano waache," nikasema. "Watu watakuja kukukalia kooni nao."

"Watano ni watano, nitawasoma. Nikiwaficha, nitakuwa nimejaza kisanduku tena."

Mkutano ulifanyika saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa shule, watu wamejaa mpaka madirishani. Watu wa machimboni walisimama nyuma, vumbi la mawe kwenye nyusi, na yule mama wa nyundo alikuwa mbele yao. Mwenyekiti akasoma zile namba kwa sauti ya kufungulia kampeni. "Ndugu wananchi, mimi simchukii mtu. Takwimu ndizo zimesema." Makofi. Akageuka, akaweka jedwali mezani na kalamu juu yake. "Bi Karani, karibu utie sahihi."

Shangazi akapanda na madaftari yake mawili. Nilimjua anavyotembea akiogopa, anavuta mguu wa kushoto kidogo, na aliuvuta.

"Mheshimiwa mwenyekiti, takwimu hazikusema kitu. Niliyesema ni mimi. Haya ni maandishi yangu. Mlikuja mkaniambia hamjui, nikaandika machimboni ili fomu isirudi."

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga kelele, "Umehongwa!" Mwingine, "Mwizi humtetea mwizi mwenzie!" Huyo wa pili nilimsuka Jumanne, sauti yake ninaijua. Shangazi akasubiri kama anavyosubiri jibu mlangoni kwa mtu, kisha akasoma daftari. Mia mbili na tisini. Mia mbili sabini na nne. Kumi na sita. Akaja kwenye zile kesi hamsini na mbili, mashemeji na wapangaji. Alipofika kwa wale watano, mwenyekiti akaruka.

"Mmesikia? Mwenyewe amekiri!"

"Nimekiri watano," shangazi akasema. "Wewe unataka kuvunja nyumba sabini. Na mashemeji je, tuwavunjie lini?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa chote upande wake. Zomeazomea ikaanza tena. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, naangalia viatu vyangu. Nilihesabu wateja wangu mle ndani, wakafika ishirini na zaidi. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Fomu ya drai ni yangu," nikasema. "Sikumwona mtu. Niliacha mlango wazi. Na nimewaambia wengi wenu kwamba ni wao, kwenye kiti changu. Nilisema uongo."

Halafu mzee fundi baiskeli akasimama, akasema na yake ilikuwa hivyo hivyo. Kisha mama mmoja wa sufuria. Hawakuwa wengi, labda kumi. Wengine waliketi na nyuso zao za mawe, na wapo mpaka leo wanaoamini walichoamini.

Mwenyekiti akasogeza kalamu. "Tia sahihi tu, mama. Maelezo yako tutayaambatanisha."

"Sitii."

"Unajua unachokifanya? Miezi michache imebaki!"

"Naijua kuliko wewe. Sitii."

Ombi halikwenda. Bila sahihi ya karani halmashauri haipokei jedwali, na karani alikuwa huyo mmoja. Nyumba za machimboni ziko palepale, na nyundo bado zinasikika asubuhi. Mimi nimepoteza wateja sita, na watatu wamerudi kwa sababu hakuna anayesuka kama mimi mtaa huu.

Shangazi amesimamishwa kazi. Halmashauri ilimletea fomu ya kujieleza: jina, cheo, kosa, tarehe, na chini kabisa, "Aliyekutuma." Akajaza vyote isipokuwa hicho. Ikarudi baada ya wiki mbili, kimezungushiwa wino mwekundu. Akaipeleka vilevile. Ikarudi tena, safari hii na barua kwamba fomu isiyokamilika inaweza kumharibia kustaafu kwake.

Nilimkuta barazani, fomu iko magotini.

"Shangazi, andika hata 'hakuna', yaishe."

"Nikiandika hakuna, watasema nimeficha mtu. Nikiandika jina, yupo atakayevunjiwa nyumba." Akaikunja mara mbili kama ilivyokuwa, akaitia kwenye bahasha. "Bi Jaza amestaafu mapema, mwanangu. Hiki hakijazwi."

Akavaa raba zake za kijivu, akaipeleka mwenyewe kwa miguu.