Nukta ya Manjano Kwenye Ndevu za Porfiri Savichi

Mpishi Agafia alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani: kwa miaka kumi na tisa, hakuna aliyeinuka mezani kwake na njaa. Mji mzima wa Tver ulilijua hilo. Leo eti bwana wake, mwandishi Porfiri Savichi, achorwe picha akiwa amekonda!

Mchoraji alikuja katikati ya Kwaresima, makusudi. Porfiri Savichi siku zote alikuwa mtu wa kucheka mpaka kitambi kinatikisika, lakini wiki tatu za kabichi na chai kavu zilikuwa zimemnyamazisha, na macho yamezama.

"Huzuni hiyo!" mchoraji alishangilia. "Ya mtu aliyebeba taabu za taifa zima!"

"Taabu za taifa wapi, baba?" Agafia alidakia. "Ana njaa tu! Watu watasema mpishi wake hajui hata kuchemsha maji."

"Rudi jikoni, mama. Haya huyajui."

Akaendelea kupaka, kijani kidogo chini ya macho, kijivu mashavuni, tabaka jembamba juu ya tabaka. Agafia akachungulia mlangoni, roho ikamuuma. Bwana wake alifanana na maiti anayesubiri jeneza.

Ijumaa moja akatenda dhambi. Alioka andazi lililojazwa yai na siagi, vyakula vilivyokatazwa Kwaresima nzima, akampa bwana wake nyuma ya jiko. Kufumba na kufumbua, likaisha. Bwana akarudi kitini kwake. Sasa mchoraji yule alikuwa na ila moja: alichokiona, alikipaka. Alikodoa macho, akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akagusa turubai mara moja.

Baada ya Pasaka picha ikatundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho mjini. Agafia alijifunga shali yake ya kanisani, akaenda, akajibanza nyuma ya Padri Pafnuti, paroko wake.

"Tazama ndevuni," bwana mmoja alimwambia mkewe. "Nukta ile ya manjano. Cheche ya matumaini gizani!"

"Maskini, amekondaje! Bila shaka hana mtu wa kumpikia."

Wee! Agafia angevumilia vipi?

"Hana mtu? Cheche gani! Hicho ni kiini cha yai, bibi! Nimempikia mimi, kwa mikono yangu hii, Ijumaa ya Kwaresima!"

Padri Pafnuti akageuka polepole.

Alimwamuru asujudu mara mia. Agafia alizimaliza zote, magoti yanawaka moto, huku akitabasamu, maana kabla ya jua kuzama Tver nzima ilishajua nani humlisha Porfiri Savichi.