Natembea kwa Nyonga ya Chuma

Assalamu aleikum, ndugu zangu wa wodi hii. Naitwa Habiba. Nilizaliwa Eldas, nikaolewa hapa Garissa, na mume wangu alipofariki nilibaki na binti zangu wawili na mama yangu. Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia sokoni. Nilikuwa mtu wa mbio. Mtungi nilikuwa naubeba mgongoni bila kupumzika, nikifika naanza kelele na wateja.

Maumivu yalianza kwenye kinena, upande wa kushoto. Nikasema ni mzigo huo. Yakashuka mpaka gotini, yakawa yananiamsha usingizini. Kaka yangu mkubwa, Abdi, alinirudisha Eldas kwa mzee mmoja anayechoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Alinichoma nyongani. Nilinusa nyama yangu mwenyewe ikiungua. Makovu ninayo mpaka leo, lakini maumivu hayakwenda popote.

Asubuhi moja nilikuwa nashuka garini pale sokoni. Nilikanyaga chini kwa mguu wa kushoto, basi. Sikujikwaa. Nilisikia mlio kama kuni kavu imevunjwa, nikajikuta chini, maziwa yamenilowesha, mguu umegeukia nje kama si wangu.

Hospitali walinipiga picha ya mfupa, daktari akaitazama akaniandikia barua ya rufaa. Nikapelekwa Nairobi, wakachukua kipande cha mfupa kukipima. Majibu yalipotoka, daktari wa mifupa alivuta kiti karibu na kitanda changu, Abdi na mama wakiwa kando yangu.

"Habiba, mfupa umevunjika kwa sababu umeliwa kwa ndani. Kuna uvimbe. Si saratani, lakini tukiuacha utaendelea kula. Nataka kutoa sehemu yote ya juu ya mfupa wa paja, pamoja na kichwa chake kinachoingia nyongani, niweke chuma mahali pake."

"Na ikishindikana?"

Hakunificha. "Uvimbe uko karibu sana na mshipa mkubwa wa damu. Nikifungua nikakuta umeushika, nitakata mguu. Lazima unipe ruhusa kabla hujalala."

Abdi alisimama. "Hapana, daktari. Sisi tunarudi nyumbani."

Mama hajui Kiswahili, ikabidi nimtafsirie. Niliyatafsiri maneno ya kukatwa mguu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Abdi: "Kaa chini. Mguu si wako, wala si wangu. Mwache mwenyewe aseme."

Nikasema ndiyo.

Kitanda cha pili alilala Rukia, mama mmoja kutoka Kutulo aliyekatwa mguu baada ya ajali. Alikuwa amenieleza, "Abaayo, dada yangu, vidole vyangu vinaniwasha kila siku, na havipo." Kwa hiyo nilipozinduka baada ya upasuaji, nikahisi vidole vya kushoto vinawasha, moyo ulinilipuka. Shuka ilikuwa imenifunika. Sikuthubutu kutazama.

"Hooyo," nilimwita mama, "nishike vidole vya miguu."

"Nimeshika."

"Vya mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Usinidanganye."

Mama akavifinya kwa kucha mpaka nikapiga yowe. Hapo ndipo sote wawili tulipolia.

Msidhani shida iliishia hapo. Siku ya kwanza kusimamishwa nilitapika. Misuli ilikuwa imekatwa na kushonewa kwenye chuma, na mguu haukunisikiliza. Mwuguzi alinionya: usipishanishe miguu, usikae chini sana, usiiname ukiwa umekaa. Nikarudi Garissa na magongo yangu.

Miezi ikapita, nikaanza kujisahau. Kwenye harusi ya binamu yangu walinipa kigoda kifupi. Niliona haya kukikataa mbele ya wageni, nikakaa. Kikombe kikanidondoka, nikainama kukiokota, na nyonga ikachomoka. Mguu ukawa mfupi, umegeukia ndani. Wanawake wakanirukia, wengine wakitaka kuuvuta unyooke.

"Mtu asiniguse!" nilipiga kelele. "Nipelekeni hospitali!"

Walinilaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Kila shimo la barabara nilitamka shahada, nikijua ndiyo ya mwisho. Daktari alinipa dawa ya usingizi, akairudisha nyonga mahali pake. Nilipoamka akaniambia, "Ikizoea kutoka, nitakufungua tena." Nikavalishwa mkanda mgumu kuanzia kiunoni hadi gotini. Kwa miezi niliogopa hata kujigeuza kitandani.

Haijatoka tena, alhamdulillah. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa shule ya msingi wakati ule, sasa ana mtoto wake. Mguu wangu ni mfupi kidogo, kwa hiyo kiatu kimoja kimeongezwa soli. Natembea na fimbo, naswali kwenye kiti. Choo cha kukalia alinijengea Abdi kwa mikono yake, yule yule aliyetaka turudi nyumbani.

Sitawaficha la mwisho. Picha ya juzi ilionyesha mstari mwembamba mweusi kando ya chuma. Daktari alisema, "Huenda kinaanza kulegea, huenda si kitu. Tutapiga picha nyingine." Nimeogopa, ndiyo. Lakini nitarudi siku aliyoniambia.

Namshukuru Mungu, na mama yangu, na wale waliokuwa na kisu mkononi wakauhurumia mguu wangu. Nanyi nawaomba: maumivu ya mfupa yanayokuamsha usingizini usiyapeleke kwenye moto, yapeleke yakapigwe picha. Muulize daktari kila unaloliogopa, hata kama jibu lake litakutetemesha. Na ukipewa kigoda kifupi, sema hapana, hata harusi iwe ya nani.

Sasa nawaaga, wateja wangu wananingoja sokoni. Nitakwenda polepole, nikichechemea, na atakayenicheka njiani nimeshamsamehe.