Shule Iliyomfukuza Mpiga Ngoma Wake

Walinialika kwenye jubilei ya shule kwa sababu darasa letu limebaki na watu wachache wanaoweza kupanda kile kilima bila kushikwa mkono. Mwenyekiti wa kamati, mtu mpole mwenye tai nyekundu, alinipa dakika tano nieleze historia: taaluma, michezo na sanaa, kwa mpangilio huo huo. Nikamwambia dakika tano zinatosha kabisa kusema uongo. Akacheka, akadhani mzee anatania. Sikuwa natania. Nilikuwa na hasira tangu getini, ambako wamechora ngoma kubwa ya Kisukuma katikati ya nembo ya shule.

Ngoma! Shule ile ile.

Niseme basi ilivyokuwa. Nilifika pale miaka ya hamsini nikitokea ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na sanduku la bati kichwani. Shule ilikuwa ya serikali, ya bweni, wavulana watupu. Madarasa yamejengwa kati ya majabali ya Mwanza, na ukikaa dirishani unaliona ziwa lote na huwezi kuligusa. Taaluma ilikuwepo, sikatai. Tulipigishwa Kiingereza mpaka tukakiota usingizini, na aliyesikika akisema Kisukuma alifyeka majani Jumamosi nzima. Mtihani wa darasa la kumi na mbili ulitungwa Uingereza na kusahihishwa huko huko. Aliyeufaulu alikuwa mtu, na aliyeukosa alirudi kushika jembe, hakuna cha katikati.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala kijana wa Magu, mrefu, miguu ya mbuni, baba yake mkulima wa pamba. Huyo ndiye rafiki yangu. Mimi jiometri ilikuwa inanishinda kabisa, na yeye ndiye aliyenivusha, akichora pembetatu kwa kidole kwenye vumbi nje ya jiko tukisubiri ugali na maharage. Mbio za maili alizikimbia peku na kuwaacha wenye viatu nyuma. Kikombe alichokiletea shule kiliwekwa kwenye kabati la vioo ofisini kwa mkuu, na mkuu, Mzungu wa makamo mwenye kaptula iliyopigwa pasi kama karatasi, alikuwa akiwaonyesha wageni kana kwamba alikimbia yeye.

Sasa sanaa. Jamani, sanaa! Ijumaa jioni tulipangwa safu mbili bwaloni, tukavalishwa soksi ndefu, tukafundishwa kucheza ngoma ya Waskoti. Ndiyo, Waskoti, watu wa huko kwao mkuu. Unaruka, unageuka, unampa mwenzako mkono, unaruka tena. Wavulana wa Kisukuma na Kijita na Kikerewe, jasho linawatiririka, wanarukaruka kwa santuri iliyokwaruzika. Huo haukuwa ushenzi. Ushenzi ilikuwa ngoma yetu, na kwa sheria ya shule mwanafunzi akionekana uwanjani kwenye ngoma za wenyeji anafukuzwa.

Asiyetoka Usukumani lazima nimweleze kidogo. Kwetu baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma hushindana. Hawashindani kwa zamu. Wanapiga kwa wakati mmoja, huyu upande huu wa uwanja, yule upande ule, na hakuna jaji anayekaa mezani. Watazamaji ndio majaji. Wanahama. Ngoma ikikolea huku, watu wanatoka kule wanakuja huku, na chama kilichobaki kinacheza mbele ya nyasi kimeshindwa, basi, hakuna rufaa. Ndiyo maana wapigaji hufunga dawa mkononi, kijimzizi ndani ya kitambaa, ili watu wawapende.

Mwaka wa Uhuru, tukiwa darasa la kumi na moja, mpigaji mkuu wa chama cha baba wa rafiki yangu aliugua siku chache kabla ya mashindano. Baba akatuma ujumbe mwanawe aje ashike ngoma. Rafiki yangu aliomba ruhusa aende kwao Magu, akanyimwa. Akaenda. Jumapili jioni alirudi, amechoka, anacheka mwenyewe, watu wote walikuwa wamehamia upande wao. Jumatatu mwalimu wa dini akakiona kile kitambaa mkononi mwake, akakikata kwa mkasi mbele yetu, akasema uchawi umeingia shuleni. Rafiki yangu akajaribu kumweleza kwamba ni dawa ya kupendwa tu. Ndiyo kwanza akaharibu. Kufikia saa sita mchana alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kituo cha basi, na kikombe chake kimebaki kabatini.

Miezi michache baadaye bendera zikaanza kushonwa. Amri ikatoka juu kwamba kila shule ionyeshe utamaduni wa Mwafrika siku ya sherehe, mbele ya mgeni rasmi. Ebo, sasa ikawa kazi! Sisi tulikuwa hodari wa Waskoti. Makamu wa mkuu, Mwafrika mwenzetu ambaye angekabidhiwa shule Januari, akapanda basi kwenda Magu mwenyewe. Akamkuta rafiki yangu shambani. Akamwambia: njoo uwafundishe wenzako, Januari unarudi darasani na utafanya mtihani wako. Hili nililisikia kwake na kwa baba yake pia, maana mzee alitaka lisemwe mbele ya mashahidi.

Akaja. Alilala kwa fundi cherehani mmoja mjini, kwa sababu bwenini hakuruhusiwa, na kila alasiri alipanda kilima kutufundisha. Alitupiga vidole kwa vijiti, alitutukana, alitufanya tuanze upya mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwalimu mkali vile sijamwona tena. Jioni alikuwa ananiomba madaftari yangu, ananakili yale aliyoyakosa, ili Januari isimkute nyuma.

Siku moja kabla ya sherehe alikwenda ofisini kuulizia nafasi yake. Mkuu Mzungu akamwambia yeye anaondoka zake, mambo ya Januari amwulize mwenzake. Akaenda kwa makamu. Makamu akamwambia yeye bado hajaingia, mwenye shule ni mkuu, na kwa kweli madawati yamejaa. Mmoja anaondoka, mwingine hajaingia! Nchi nzima ilikuwa inakabidhiwa wenyewe wiki ile, milima na maziwa yake, na dawati moja la mbao likakosa mtu wa kulitoa. Tena wakamwomba kesho asikae karibu na turubai, kwa kuwa hana sare na wageni watauliza ni nani. Fadhila ya punda, wazee walisema, ni mateke. Alikuja kunisimulia nyuma ya jiko. Mimi nililia. Yeye hakulia, akanirudishia madaftari yangu yote.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Watu walitoka Ilemela kwa miguu, Magu kwa malori ya pamba, Sengerema kwa mitumbwi. Wageni walikaa kwenye viti chini ya turubai, sisi tukajipanga mbele yao na sare zetu zimepigwa pasi. Tukaanza. Tulipiga vizuri, siwezi kujidharau, kwa kuwa tulifundishwa na fundi.

Halafu kwenye jabali la upande wa pili wa uwanja ngoma ikajibu.

Nilimtambua kabla sijainua macho. Alikuwa juu ya mwamba na ngoma ya baba yake, kifua wazi, kitambaa kipya mkononi. Alianza polepole, akitufuata sisi, kisha akatupita. Wa kwanza kuhama walikuwa wanawake wa sokoni na watoto mgongoni. Wakafuata wakulima, maana wao waliijua sheria na hawakuhitaji kuambiwa. Kisha wapishi wetu wa shule na aproni zao. Makamu alikuja nyuma yetu akinong'ona tuongeze nguvu, tupige, tupige. Tulipiga mpaka mabega yakaniuma, na mbele yetu zikabaki nyasi, viti na wageni waliokuwa wanageuza shingo.

Hapo akanyamaza. Uwanja wote ukanyamaza naye. Akasimama juu ya mwamba, akasema kwa Kiswahili safi, sauti ikafika mpaka kwenye turubai:

"Watu wamehukumu. Sasa nirudishieni darasa langu."

Mkuu alimtazama makamu. Makamu alimtazama mkuu. Mgeni rasmi hakuwa amesikia vizuri, akauliza kijana yule anasema nini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu sana na kiti chake, na jibu la makamu sitalisahau mpaka nizikwe.

"Anaitakia nchi heri, mheshimiwa."

Mgeni akapiga makofi. Turubai zima likapiga makofi. Rafiki yangu aliwaona watu wazima wale wakimpigia makofi, akajifunga ngoma mgongoni, akashuka kwa nyuma ya jabali. Alirudi Magu jioni ile ile kwa lori la pamba.

Mimi mtihani niliufanya mwaka uliofuata. Nilipomaliza nilikwenda kumwona. Hata hakuniuliza habari za nyumbani, aliniuliza jiometri ilikuja nini. Nikamtajia maswali niliyoyakumbuka. Alichutama kati ya mistari ya pamba, akachora kwa kidole, akayafanya yote, lile lililonishinda mimi pia. Kisha akayafuta kwa unyayo, akaniambia twende tukale. Hakulizungumza tena maisha yake yote. Alilima, alioa, alizeeka, na alikufa miaka kadhaa kabla ya hii jubilei yao.

Basi nimekaa kwenye kiti changu cha mgeni wa heshima, kikombe cha mbio za maili kimesuguliwa kinang'aa mezani bila jina la mtu, na mwenye kipaza sauti anatangaza kwamba kikundi cha ngoma, fahari ya shule, kilianzishwa na mwalimu mkuu wetu wa kwanza Mwafrika. Yule makamu. Makofi. Watoto wakaanza kupiga, na walichokipiga ni kile kile, mapigo yale yale aliyotupigia vidole tuyashike, yamepita mkono hadi mkono mpaka kwao. Dakika zangu tano zilikuwa bado, lakini kwa watu wale maneno ya nini? Makamu alishawafundisha jinsi ya kuyatafsiri.

Nikachukua fimbo yangu, nikainuka, nikakatiza uwanja katikati ya ngoma. Nilikwenda polepole, goti moja halikubali. Nilipofika kwenye jabali la upande wa pili nikakaa chini yake na kuwapa mgongo. Wazee wawili wa Magu waliokuwa safu ya nyuma, ambao siwajui kwa majina, nao wakainuka wakaja kukaa karibu nami.

Mwalimu mmoja wa kike, kijana, alitukimbilia na mwavuli. "Shikamoo babu," aliniambia, "kiti chako kiko kule kivulini."

"Marahaba mjukuu wangu," nikamwambia. "Kaa hapa na wewe. Kule wameshindwa."