Yadi Mbili za Tundu

Namshukuru Mungu aliyeumba vinavyoonekana na visivyoonekana, akaviona vyote kuwa vyema, na ambaye ameniacha niishi hadi nikawashika mikononi wajukuu wa binti ninayetaka kumwandika hapa. Sifa zote ni zake. Mimi nilichokifanya katika habari hii ni kuogopa tu.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tukikaa Kariakoo, mume wangu na mimi, katika nyumba ya vyumba sita ya udongo na bati. Yeye alikuwa kuli bandarini. Sisi ni watu wa kusini, Wakristo. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, Mwislamu, mjane, aliyekaa chumba cha mbele na kujua kila kilichopikwa uani. Hapo ndipo alipozaliwa binti yetu wa kwanza.

Alipotimiza miezi saba nilimpitishia kidole kwenye ufizi nikitafuta jino. Chini hapakuwa na kitu. Juu palikuwa na ncha mbili.

Msomaji wa leo huenda asielewe kwa nini nilimfumba mdomo haraka. Siku hizo mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego. Kwetu kusini, na kwa Wazaramo pia, ilisemwa kwamba mtoto huyo amekuja na ubaya, na kwamba kila jino litakaloota litaondoka na mtu wa ukoo. Zamani hakuachwa akue. Wazee walikuja wakamchukua, na mama hakuulizwa.

Nikaanza kumficha mdomo. Nilimbeba uso wake ukiwa kifuani kwangu. Akicheka mbele ya watu, nilimfuta kwa upindo wa khanga kana kwamba ana udenda. Hata mume wangu sikumwambia. Mama yake alikuwa hai, na neno likimfikia mama mkwe limekwisha kuufikia ukoo mzima.

Lakini kulikuwa na ubatizo. Siku zile Padre alimpulizia mtoto usoni, akamwamuru shetani atoke, kisha akamwekea chumvi kidogo ulimini. Ili kuweka chumvi, ilibidi mdomo ufunguliwe mbele ya mama wa ubatizo na watu wote. Jumapili ya kwanza nilisema mtoto ana homa. Ya pili nikasema mimi ndiye mwenye homa. Ya tatu nilipoanza tena, mume wangu akasema, "Sasa imebaki zamu yangu kuugua."

Mwalimu wetu wa dini alikuwa fundi cherehani aliyesoma seminari miaka kadhaa kabla hajaoa. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi, mtaa wa nyuma ya soko, na alasiri sisi wanawake tulikaa jamvini tukimsikiliza huku mguu wake ukikanyaga. Majuma yale alitufundisha habari za malaika na mapepo, na ubaya ulianzia wapi. Alisema walimu wa kale wa Kanisa hawakuwa na kauli moja. Baadhi ya wale wa mwanzo walisema malaika waliokabidhiwa ulinzi wa dunia waliwatamani binti za watu, wakaanguka, na mapepo yakatokana na uzao huo. Wengine walisema shetani alimwonea wivu Adamu, kiumbe wa udongo aliyepewa sura ya Mungu. Baadaye wengi wakashika kwamba ni kiburi: alikitaka kiti kisicho chake.

"Mnaona hawapatani," alisema. "Ila hapa walipatana: Mungu hakuumba pepo. Aliumba malaika mwema, na malaika akageuka kwa hiari yake."

Wenzangu walipoondoka, nilibaki.

"Mwalimu, kuna jirani yangu anauliza. Mtoto anaweza kuzaliwa na ubaya mwilini? Tuseme kwenye kiungo kimoja?"

"Huyo jirani, mtoto wake ana miezi mingapi?"

"Saba na nusu."

"Na amekosa kubatizwa Jumapili tatu?"

Nikatazama jamvi.

"Haya, mama. Kiungo gani?"

Nikamfunua mtoto mdomo. Alisogeza miwani, akatazama, akarudia kazi yake. Alikuwa akitia kiraka kanzu iliyotobolewa na panya.

"Unaliona tundu hili? Ingia dukani humo, mwambie mwenye duka akupimie yadi mbili za tundu."

"Atanicheka."

"Kwa nini akucheke? Marekani anayo, bafta anayo, kaki anayo. Tundu hana?"

"Tundu si kitambaa, mwalimu."

"Basi. Na ubaya haukufumwa na mtu. Ni pale wema ulipopaswa kuwapo, pakatoboka. Wa kutoboa ni mwenye hiari, malaika au mtu mwenye akili zake. Jino lina hiari gani? Shetani mwenyewe hajui kutengeneza hata ukucha, sembuse meno mawili mazuri kama haya."

Hapo nikatoa lile lililokuwa likininyima usingizi. "Kama hayumo, kwa nini Padre anamfukuza?"

Mguu ukaacha kukanyaga.

"Kumbe ndiyo hofu yenyewe! Maneno yale husomewa kila mtoto, mama. Wangu sita wote walianza meno ya chini, na wote walisomewa. Sote tunazaliwa na upungufu ule ule wa Adamu. Hakuna aliyezidishiwa kwa sababu ya meno. Padre anamwambia tu yule mwizi aliyesimama mlangoni: ondoka, nyumba hii ina mwenyewe."

"Na malaika mlinzi, anaye? Hata wa meno ya juu?"

"Malaika hahesabu meno. Nenda. Jumapili mke wangu atamsimamia."

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akang'atwa. "Huyu atafanya kazi bandarini," alisema. Halafu akaongeza, "Mama hataandikiwa barua mpaka yaote na ya chini."

Jumapili tulisimama mlangoni mwa kanisa. Padre alipotia chumvi, mtoto alifumba mdomo, meno yakakamata kidole. "Aa!" akasema Padre, na mke wa mwalimu, bila kufikiri, akapaza sauti: "Hee! Ana meno ya juu huyu!" Padre alifuta kidole, akaendelea na Kilatini chake. Lakini nyuma yetu wanawake wawili walitazamana, na mmoja alikuwa wa mtaa wetu. Nilijua neno litafika nyumbani kabla yetu.

Lilifika. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Lete mtoto."

Nilimpa. Moyoni niliona tayari godoro letu limetupwa njiani. Alimfungua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia.

"Marahaba," alisema sasa. "Haya meno nimeyaona tangu siku ile ulipokwenda bombani ukamwacha amelala. Aliamka, nikambembeleza, akanicheka. Tangu hapo nakutazama unavyomfuta, nikasema huyu atamchubua mtoto mdomo."

"Ulijua, bibi? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ningekuja, nawe ungekimbia naye." Alimpakata mtoto vizuri. "Wangu wa kwanza alianza hivi hivi. Nilikuwa msichana tu. Walikuja wazee watatu, wakanikuta nimempakata kama hivi. Nikaambiwa nisilie."

Mume wangu alivua kofia.

Kisha bibi akageukia ukumbini, kwenye uwazi unaokwenda uani, akaita kwa sauti ya mwenye mali: "Nimesikia kuna mwenye neno juu ya mtoto huyu! Aje alisemee hapa! Nyumba hii ni yangu, na humu hachukuliwi mtu!"

Hakuja mtu. Sauti moja tu ilijibu kutoka jikoni: "Bibi, wali wako unaungua."

"Uepue basi, wewe una kazi gani!"

Tukacheka sote, na mtoto naye akacheka, mdomo wazi. Upindo wa khanga ulikuwa tayari mkononi mwangu. Niliuacha udondoke.

Ya chini yaliota majuma machache baadaye. Mama mkwe wangu aliishi hadi mjukuu wake huyo alipotimiza meno yote, na akafa kwa uzee, usingizini. Bibi alimlea binti yangu kama wake hadi tulipohamia Ilala, na sikupata kumwuliza jina la yule aliyechukuliwa. Humtaja katika sala zangu bila jina. Naamini anayesikiliza analijua.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu aliyekuumba mwema akuhifadhi hivyo. Malaika wake asimame mlangoni pako, na kila unayemficha kwa hofu ajaliwe siku ya kucheka waziwazi mbele ya watu. Amina.