Kabla Yako Alikuwa Nani?

Siku moja ya miaka ya sitini haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo imenirudia leo uliponiletea simu yako kunionyesha mfuko wa uwekezaji ulioongoza hapa kwetu mwaka jana, na mwingine wa nchi ya nje ulioongoza huko kwao. Waniuliza uweke wapi pesa zako. Keti kwanza. Ujanani mwangu ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nilikuwa karani bandarini Kilindini, soksi zimevutwa hadi magotini, najiona naijua dunia. Nikikaa Kibokoni na nyanya yangu, Bi Rukia, aliyekuwa akishona kofia na kuziuza tangu alipofiwa na mumewe. Kila alichobakiza alikiweka kwa nauli ya kwenda kuhiji. Nauli ilikuwa haijatimia, na miguu ilishaanza kumsumbua kwenye ngazi. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba atakufa hajaiona Makka.

Siku hizo Mji wa Kale hatukuwa na mifuko yenu hii. Watu wengi kwa pamoja walimpa mfanyabiashara mtaji, akanunua na kuuza, kisha wakagawana faida. Nyanya alikuwa ameweka kwa Bwana Omari wa Bondeni, mtu mpole, mwenye faida ya kiasi, ambaye barazani hakutajwa hata kwa kusahau. Aliyetajwa ni Saidi. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemfikia kwa biashara ya samli na iliki hapa Mombasa, na sasa alikuwa akielekea kufungua biashara Aden, ng'ambo ya bahari. Mimi ndiye niliyemwalika nyumbani.

Alikuja baada ya Alasiri na halua yake, akambusu nyanya mkono, akakaa. Alikuwa msemaji hodari. Alisema kwa mwendo wake ule, msimu ujao wa hija nyanya atakuwa melini. Nyanya alimsikiliza, sindano haisimami, kisha akamuuliza:

"Mwanangu Saidi, kabla yako aliyekuwa akisifiwa hapa mjini alikuwa nani?"

Saidi akacheka, akataja jina. Na kabla ya huyo? Akataja la pili, sauti imepungua kidogo. Wote wawili tuliwajua, na wote wawili hawakuwa wakisifiwa tena. Nyanya hakuwasema vibaya. Aliuliza tu kule Aden nani atamwambia bei kabla haijashuka, Saidi akasema atazoea. Mwisho akamuuliza yeye Saidi atachukua fungu gani. Theluthi ya faida, akajibu, na gharama za safari zake, faida iwepo isiwepo.

Nyanya alimwombea dua, akampa kofia mpya. Pesa hakumpa.

Alipotoka tu nilisema maneno ambayo mjukuu hamwambii nyanya yake, kwamba Omari atamfikisha makaburini kabla ya Makka. Nyanya aliiweka kazi yake chini.

"Faida ya Saidi yaja na kwenda, mimi siijui na yeye haijui. Lakini fungu lake lakaa pale pale kila mwaka. Omari hula robo, na hasara ikija hali kitu. Mimi nachagua kwa ninachokiona. Na nikifa ndiani, Mungu aijua nia yangu."

Hasira haikuniisha.

Mwaka uliofuata bei ya samli ilianguka Aden, na Saidi, mgeni wa mji, akawa wa mwisho kujua. Waliomfuata walipoteza sehemu kubwa ya mtaji, na gharama za safari zikakatwa vilevile. Usidhani Omari aling'ara. Naye alipata hasara mwaka huo, ila hakuchukua hata senti. Tukangoja msimu ule, tukangoja na mwingine, na kila nyanya alipokohoa moyo wangu uliruka. Msimu wa tatu nauli ilitimia, nikamshika mkono kwenye ngazi ya meli Kilindini. Alipanda polepole, akipumzika, nami nikalia mbele ya makuli wote walionijua.

Aliporudi, maji ya Zamzam ya kwanza alimpelekea Saidi, ambaye siku hizo hakuwa na mtu wa kumtembelea. Mwaka mwingine Saidi huyo huyo akaongoza tena, na mji mzima ukamkimbilia, bosi wangu akiwa mbele. Nyanya alicheka hadi akajifuta macho kwa leso.

Basi mwanangu, simu yako yakuonyesha jana. Aliyeongoza nchi moja usimpeleke nchi nyingine ukidhani ushindi umo mkobani mwake. Pengine ziko nchi ambako mshindi hudumu kidogo, na ziko ambako hadumu kabisa. Ambako makato ya mshika pesa huchoka, mimi sijapaona. Uliza kabla yake alikuwa nani, uliza akata kiasi gani hata mkipata hasara, halafu weka kile unachoweza kukingojea.

Mungu akupe riziki ya halali na subira ya kuingoja, na siku yako ya safari ikifika, ikukute ungali na miguu ya kupandia ngazi.