Sitronela Katika Chumba cha Arobaini

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilipoposwa kutoka Bondeni kuja kuolewa Mji wa Kale, mamangu alinikalisha kitako akaniambia, "Unakokwenda kuna mama mkwe mpika udi, mwanamke anayejulikana mji mzima. Ulimi wako uufunge." Nikaufunga hasa. Lakini wakati huo nilikuwa sijazaa.

Mama mkwe wangu hupika udi wa maharusi. Vipande vya udi, sukari, marashi, miski, na mafuta mengine asiyoyataja kwa mtu, huvipika sufuriani jikoni kwake chini, na sisi tulio juu tunaishi ndani ya mvuke ule. Nguo zinanukia, mashuka yananukia, hata mkate unanukia udi. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikijinusa mikono kwa furaha. Baadaye sikuisikia tena harufu ile mpaka niende kwetu nikarudi. Pua huzoea, na mimi sikulitilia hilo maanani.

Nilijifungua wakati wa masika. Mvua ilinyesha, maji yakatuama kila mahali: kwenye mapipa, kwenye ndoo zilizosahauliwa, kwenye birika la zamani la kuwekea maji, lililo wazi nyuma ya nyumba. Mbu wakawa wengi hata mchana. Nyumba ya pili yetu mtu mzima na nguvu zake alilala na homa ya dengi, viungo vimemkatika, akawa wa kubebwa hata kwenda msalani. Mama mkwe alikwenda kumtazama, akarudi amebadilika uso. Aliingia chumbani kwangu akamwangalia mtoto, ambaye hata nusu ya siku arobaini za uzazi alikuwa hajafika, akasema, "Huyu hatoumwa na mbu hata mmoja. Si ndani ya nyumba yangu."

Ndipo ilipoingia sitronela, mafuta ya kufukuzia mbu. Kwake haikuwa ngeni. Alikuwa akiyanunua mafuta yale kwa muuza atari na manukato, anayachanganya na mafuta ya nazi, na watu wanapaka miguuni wakikaa barazani jioni. Alitia pia kwenye mishumaa na kwenye sabuni ya kupigia deki. Wengi huyaita mafuta ya mchaichai, lakini si mchaichai ule tunaotia kwenye chai. Ni jamaa yake, na harufu yake ina ukali wa ndimu na ubichi wa majani yaliyokatwa sasa hivi. Ni harufu nzuri, sitosema uongo. Ila haikai. Nguo ukiifukiza udi leo, kesho bado inanukia. Sitronela huruka upesi, muda si mrefu imekwisha, na mbu wanarudi. Basi lazima utie tena.

Naye alitia. Alitia matone kwenye chandarua. Alichovya pamba akaziweka pembe zote za kitanda cha mtoto. Alipigia deki sakafu. Alitia kwenye chetezo juu ya makaa, pamoja na udi wa kufukizia nguo za mtoto, maana kwetu mtoto wa arobaini havai nguo isiyofukizwa. Na madirisha aliyafunga, upepo usimpige mzazi. Siku ya kwanza macho yaliniwasha, nikamwambia, "Mama, si imezidi kidogo?" Akanijibu, "Kidogo tu hiyo, mwanangu. Utazoea." Nikazoea kweli. Haikuchukua muda, sikusikia kitu.

Mtoto ndiye aliyekataa kuzoea. Alianza na chafya, sote tukacheka. Kisha kikohozi. Kisha mlio kifuani, kama birika la chai linaloanza kuchemka. Akishika ziwa alivuta mara mbili tatu, akaliachia akalia, kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Nilikuwa nikimfungua nguo nione mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi. Niliogopa. Niliogopa mpaka taya zikaniuma kwa kuzikaza.

"Ni mbu," mama mkwe alisema. "Yuko mmoja ameingia." Akatia mafuta. Mtoto akakohoa zaidi, naye kila akisikia kikohozi anaona ni kazi ya mbu, anatia tena. Mume wangu hufanya kazi bandarini Kilindini kwa zamu. Aliporudi nilimwambia mtoto hapumui vizuri, tumpeleke hospitali. Akaniambia, "Mama ametulea sote na tuko hai. Wewe huyu ndiye wako wa kwanza. Tungoje kesho." Jamani, kikombe cha chai nilikuwa nacho mkononi. Mungu ndiye aliyekizuia.

Kesho yake alasiri alikuja dada yangu. Ni mkubwa wangu, anauza kanga Biashara Street, na alikuwa hajapata nafasi ya kuja tangu siku za mwanzo. Nilimsikia akipanda ngazi. Katikati ya ngazi nyayo zikasimama, akakohoa. Aliingia chumbani ameziba pua kwa ncha ya buibui, macho yamejaa machozi.

"Nyinyi mnaishije humu?"

"Kuna nini?"

"Harufu hii. Nimeisikia tangu mlangoni chini. Koo linaniwasha."

"Harufu ipi?" nikamuuliza, na haki ya Mungu nilikuwa sijui anasema nini.

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa akili. Kisha akainama juu ya kitanda cha mtoto, akaokota pamba moja, akaiminya. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Hii iko karibu na pua yake," alisema taratibu, "na wewe husikii?"

Nikamnyanyua mtoto, kando ya midomo palikuwa na rangi nisiyoipenda, ya kijivu. Nikamvua nguo zile zilizofukizwa, moja baada ya moja, nikazitupa chini. Dada alikuwa ameniletea kanga mpya ya zawadi, bado ina wanga wa dukani. Nikamfunga mtoto kwa kanga hiyo, nikajitanda, nikaelekea mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale mlangoni, chupa ya mafuta mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Mtoto wa arobaini? Na magharibi inakaribia? Mzazi hatoki, seuze na kitoto kichanga. Mwenye homa yuko mlango wa pili, kichochoro chote kimejaa mbu. Unataka kumuua?"

"Anayemuua ni wewe," nikamwambia.

Sikupaza sauti. Neno lilitoka pole pole, likawa baya zaidi kwa hilo. Hata Dada alinishika mkono. Sikuwa nimemjibu mama mkwe hata siku moja tangu niingie nyumba ile, na la kwanza kumjibu likawa hilo. Lakini heshima si utumwa, na mwanangu alikuwa akipigania pumzi juu ya bega langu. "Nipishe, Mama," nikasema. "Usiponipisha nitapita hivyo hivyo."

Dada akaingia katikati. Yeye ana adabu kuliko mimi. "Mama, tuwie radhi," alisema. "Hebu nusa hii." Akampa ile pamba.

Mama mkwe akaipeleka puani. Nilikuwa nikimtazama usoni, nangoja akunje uso, apige chafya, atokwe na machozi kama Dada. Uso wake haukubadilika. Akavuta tena, safari hii kwa nguvu, mpaka pamba ikamgusa pua na mafuta yakabaki mdomoni. "Ni kidogo tu," akasema, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Kisha akasogea ukutani, nasi tukapita.

Sikuwa na nafasi ya kumfikiria. Tulishuka ngazi, tukakata vichochoro mpaka barabarani, tukapata tuktuk. Mvua ilikuwa ikinyunya na upepo unaingia kotekote, upepo ule ule niliokatazwa. Nikamfunua mtoto uso aupate. Vuta, nilikuwa nikimwambia, vuta mwanangu, vuta. Kila mlio wa kifua ukikawia kuja, na mimi pumzi zangu zinasimama.

Hospitali, daktari alimnusa mtoto kabla hajamgusa. Akaagiza aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akamvika puani kibarakoa cha plastiki kinachotoa mvuke wa dawa. Huku akifanya kazi alinieleza kwamba mafuta makali namna ile hayafai karibu na mtoto mchanga kama huyu, si ya kupaka wala ya kufukiza. Kwake yeye chandarua kikavu kinatosha, na maji yaliyotuama yamwagwe. Nilimsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwenye mbavu. Ziliingia ndani, zikaingia, kisha zikaanza kuingia kidogo. Baada ya muda mtoto akalia, kilio kirefu kisichokatika njiani. Nikalia naye, Dada akatushika sote wawili.

Nilipokaa kwenye benchi nikageuza kichwa, na sitronela ikanipiga puani kutoka kwenye nywele zangu mwenyewe. Kali, ya kukata koo. Pua yangu ilikuwa imepumzika kwa hewa ya nje, sasa ikasikia. Ndipo nilipoanza kuwaza. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani usiku na mchana, nina udhuru. Mume wangu amekulia ndani ya manukato ya mamake, hayamshangazi. Mama mkwe je? Yeye hutoka kila siku, huenda sokoni Marikiti, huenda kwa muuza atari, kisha hurudi. Kila akirudi alipaswa kuisikia mlangoni kama alivyoisikia Dada. Nilikaa na wazo hilo, na hasira zikanipanda upya, na hofu juu yake. Kwani alikuwa akisikia na bado anaendelea kutia?

Dada alikuwa amekwenda kutafuta chai mama mkwe alipofika. Peke yake, ndani ya buibui, hakutoa hata salamu.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Alhamdulillahi." Akakaa kwenye ncha ya benchi. Nikamuuliza pale pale, bila ya kuzunguka.

"Mama, ile harufu ulikuwa ukiisikia?"

"Tangu ile homa ya korona," alisema, "sijasikia harufu ya kitu. Si udi, si samaki aliyeoza, si gesi. Nilidhani itarudi."

"Na udi unaopika?"

"Napika kwa macho. Sukari ikifika rangi yake naijua. Mafuta nakisia."

"Mwanao anajua?"

"Hajui mtu. Mpika udi asiyesikia harufu, nani atamletea arusi yake? Ningekuwa nani mie katika mji huu?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, hivyo ndivyo tusemavyo, na neno hilo lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Na kifo chenyewe kingekuwa cha mwanangu, si chake. Nilimchukia. Nasema kweli, pale kwenye benchi nilimchukia. "Ungeniambia mimi," nikamwambia. "Niko nyumbani mwako kutwa. Ningekunusia mimi."

Muuguzi akanirudishia mtoto, ameoshwa, amefungwa shuka la hospitali, pumzi zake nyepesi. Mama mkwe akanyoosha mikono, kisha akairudisha mwenyewe kabla sijasema neno.

"Nimeoga kabla ya kuja," akasema. "Nguo nimebadilisha. Lakini mimi sijui. Ninuse."

Mwanamke ambaye mji mzima huja kumbembeleza awapikie, alinipa viganja vyake juu ya benchi ya hospitali, mbele za watu. Nikavinusa. Kwenye kucha bado ilikuwapo. Nikamwambia akanawe tena. Akaondoka, akarudi mikono imejaa maji, akanipa tena. Ilikuwapo kidogo. Akaenda tena. Safari ya tatu nikanusa kila kidole, sikusikia ila sabuni, nikampa mtoto.

Akamweka kifuani, akainama mpaka pua ikagusa utosi wake. Akavuta pumzi. Akangoja, akavuta tena, ndefu zaidi. Kisha akaniuliza, bila ya kuinua kichwa, mjukuu wake ananukiaje. Hasira zangu zilikuwa bado hazijanitoka. Nikasogea, nikainama karibu yake, nikanusa, nikamwambia: maziwa, Mama. Maziwa na sabuni ya hospitali.