Kichaka cha Mwingajini Nyuma ya Darasa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, hunichekesha kila nikiikumbuka, na katikati ya kicheko huona haya kidogo. Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule ndogo ya udongo huko Chamazi, pande za Temeke, wakati Chamazi ni mashamba ya mihogo na mikorosho. Nilitoka Songea na cheti changu, kaptura mbili za kaki, na kiburi cha kutosha shule nzima.

Kila mwaka mvua za masika zikikatika, vipepeo wa rangi ya maziwa walipita pale. Si wawili watatu. Walipita tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wote wakielekea upande mmoja, juu ya paa letu la makuti, kama watu walioitwa arusini. Watoto walinitoa jasho kwa maswali. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja wiki ile kunitazama nikifundisha, na akiridhika ningethibitishwa kazini. Nikaona Mungu kaniletea somo mlangoni: safari za vipepeo!

Basi sikia nilichofanya. Niliagiza kila mtoto aniletee vipepeo, tuwabandike ubaoni kwa miiba ya mlimau, ili mkaguzi akiingia ashangae. Tena, uwanja upendeze, nikaamuru tufyeke vichaka vyote vya mwingajini vilivyozunguka shule. Ni mmea wenye maua ya njano na harufu kali, na watu wa pwani husema unafukuza mashetani. Mimi msomi nikauita uchafu na ushirikina. Tukafyeka siku mbili. Kikabaki kichaka kimoja tu nyuma ya darasa, maana mpini wa panga ulivunjika. Haraka haraka haina baraka, lakini mara nyingine panga lina akili kuliko mwenye nalo.

Siku ya tatu watoto walikuja na makopo, vibuyu, hata kofia ya baba wa mmoja wao, vyote vimejaa vipepeo. Mwajuma peke yake, msichana wa darasa la tatu, alikuja mikono mitupu. Nilipomgombeza akasema, "Bibi kanikataza, mwalimu. Yupo hapo nje."

Bibi yake, mkunga wa kijiji kile, alikuwa mlangoni kweli. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba, akautazama ubao wangu wenye vipepeo thelathini na ushei, kila mmoja na mwiba wake kifuani. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, leo wasomesha nini?"

"Safari za vipepeo, Bibi."

"Na hao hapo ubaoni, wanasafiri kwenda wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwenye kile kichaka kilichobaki, watoto wote nyuma yetu. Akageuza jani. Viwavi wa kijani! Niliruka nyuma, maana viwavi niliowajua mimi ni wale wanaowasha, na watoto wakacheka upya.

"Hawa hawawashi," akasema. "Mie sijui waendako, mwalimu, lakini tangu usichana wangu najua wanapozalia. Anayepita leo anaacha mayai kwenye mwingajini, halafu mtoto wake ndiye anaendelea na safari. Nyie mmefyeka uzazi mzima. Na dawa zangu za wazazi nazo zilikuwa humohumo."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimewatukana wakunga wa aina mbili, Bibi na kichaka, kwa panga moja. Nikamwomba radhi mbele ya watoto, tukawafungulia vipepeo waliokuwa hai makoponi, na watoto wakapiga kelele, "Safari salama!" Kichaka tukakizungushia wigo wa fito.

Mkaguzi akaja Alhamisi. Siku hiyo, kwa bahati yangu mbaya, hakupita kipepeo hata mmoja. Alikuta watoto wamechuchumaa kuzunguka magugu, na Mwajuma akimweleza kwa fahari ni jani lipi limeliwa jana. Akaniuliza kwa nini pembe ile haijafyekwa. Panga tulishalitia mpini mpya, mwanangu, na kazi ile ni ya dakika mbili. Nikasema, "Bwana, hicho ndicho kitabu chetu." Akaandika kwamba uwanja hauna usafi, nami nikangoja mwaka mzima mwingine kuthibitishwa. Iliniuma, sikufichi.

Lakini wiki mbili baadaye, katikati ya hesabu, Mwajuma alipiga ukelele dirishani. Wale viwavi walikuwa wamejifunga katika vifuko vya kijani, na sasa vifuko vilikuwa vinapasuka. Nikatupa chaki, tukatoka wote. Vipepeo wapya walikausha mabawa juani, mmoja, watatu, halafu kichaka kizima kikachangamka. Wakapanda juu ya makuti, wakaelekea kulekule walikoelekea mama zao, na hakuna aliyewaonyesha njia. Bibi, aliyekuja mbio kwa ukelele ule, alipiga vigelegele kama mtoto kazaliwa. Sisi tukakimbia nao mpaka mwisho wa mihogo, nami mwalimu wao soksi zimeshuka, sina habari na mkaguzi wala kuthibitishwa. Sijapata kufurahi kazini kama siku ile.

Mwajuma naye akaja kuwa mwalimu, na shule yake ikapandwa mwingajini pande tatu.

Kwa hiyo, mwanangu, usimfundishe mtoto uhai kwa kumwonyesha maiti. Kabla hujainua panga, waulize wenyeji, maana kuuliza si ujinga. Na jambo jema likikushinda kulifikisha mwisho, usikate tamaa. Acha nyuma yako majani mabichi, yupo atakayezaliwa aendelee. Mungu akupe safari ndefu yenye jua, na popote utakapotua, akujaalie pasipungue kitu kwa sababu ulipita wewe.